Barabara Iliyoruhusiwa Kupasuka

Antwerp, nchini Ubelgiji, ni mji wa bandari. Malori yanayotoka gatini hukutana na yale yanayokwenda Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa kwenye barabara moja inayouzunguka mji, iitwayo R1. Mwaka 2004 na 2005 barabara hiyo ilijengwa upya kwa zege lenye nondo, unene wa sentimita 23, pasipo ile mistari ya kukatwa kwa msumeno tuliyozoea kuiona kwenye barabara za zege. Baada ya muda mfupi zege likaanza kupasuka. Likaendelea kupasuka, ufa ukifuata ufa kwa umbali wa hatua chache, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nyufa hizo hazikumshangaza mhandisi yeyote. Zilikuwa ndani ya hesabu kabla zege la kwanza halijamwagwa.

Kwetu ufa mmoja kwenye barabara mpya ya zege unatosha kuzua kelele. Picha zinasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, diwani anaulizwa, mkandarasi anaitwa mwizi. Kuna siku hasira hiyo ni ya haki kabisa. Kuna siku nyingine mkandarasi anasemwa kwa ufa usio na madhara yoyote, huku kosa lenyewe likiwa limefukiwa sentimita 15 chini ya miguu ya mpiga picha.

Ni vizuri tukalijua jambo hili mapema, kwa sababu barabara za zege zinaongezeka. Njia za mabasi yaendayo haraka jijini Dar es Salaam, zilizoanza kutumika Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ni za zege. Nairobi ina Mbagathi Way, iliyojengwa kwa zege miaka ya 2000. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wilayani Siha na Bagamoyo nchini Tanzania, wataalamu walijaribu njia za bei nafuu kwa barabara za vijijini, mojawapo ikiwa mikanda miwili ya zege inayokanyagwa na magurudumu tu. Mitaani, hasa penye miinuko mikali na penye maji mengi, halmashauri nyingi sasa zinachagua zege pale ambapo lami haidumu. Sababu za kufanya hivyo ni za msingi: saruji tunaizalisha wenyewe, kuanzia Wazo Hill hadi Tanga na Mtwara, wakati lami ya Tanzania huletwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Zege lililojengwa vizuri linaweza kutumika miaka 30 au 40. Lililojengwa vibaya ni balaa, maana halizibwi viraka kirahisi kama lami. Linavunjwa.

Kwa hiyo tuanze na zege lenyewe.

Zege ni jabali likikandamizwa, lakini ni dhaifu sana likivutwa. Uwezo wake wa kuhimili mvuto ni kama sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wake wa kuhimili mgandamizo. Na barabara, tangu saa ya kwanza, inavutwa. Zege linapokauka linapoteza maji na kusinyaa. Linapopoa usiku baada ya jua la mchana linasinyaa zaidi. Chukua kipande cha zege chenye urefu wa mita 100 na joto lishuke kwa nyuzi 20: kipande hicho kinataka kuwa kifupi kwa milimita 20 hivi. Ukiongeza kusinyaa kwa kukauka, ambako huendelea kwa miezi, unapata milimita 40 au 50 nyingine. Kama zege lingekuwa limelala juu ya barafu lingejivuta tu bila shida. Lakini limelala juu ya kifusi kilichoshindiliwa, lina uzito mkubwa, na ardhi inalikamata kwa msuguano. Linataka kusinyaa, linazuiwa, na mvuto ukizidi uwezo wake linapasuka.

Hakuna saruji ya bei yoyote wala fundi wa kutoka popote anayeweza kulizuia hilo. Anachoweza mhandisi ni kuchagua: ama aamue yeye mahali pa ufa, au auache ufa utokee wenyewe lakini auandalie kitu cha kuushika. Fani nzima ya barabara za zege imejengwa juu ya chaguo hilo.

Njia ya kwanza ndiyo inayoonekana sana. Zege linamwagwa, linasawazishwa, na kabla halijapata nafasi ya kupasuka linakatwa kwa msumeno wa almasi kwa kina cha robo hadi theluthi ya unene wake. Mkato huo haufiki chini. Kazi yake ni kulidhoofisha zege mahali pale, ili ufa utakapokuja ushuke humo, chini ya mstari ulionyooka, badala ya kutangatanga. Kwa zege lisilo na nondo umbali kati ya mkato na mkato kwa kawaida hauzidi mara 24 ya unene. Slabu, yaani kipande cha zege kati ya mikato, ikiwa ya sentimita 15 ikatwe kila mita tatu na nusu hivi, na ya sentimita 20 isivuke mita tano. Umbo nalo lina uzito wake. Slabu nzuri inakaribia mraba. Ukikata vipande virefu vyembamba, zege litajikata lenyewe katikati, na litakuwa limefanya kilicho sahihi.

Kinachowashinda wengi ni saa. Ukikata mapema mno, msumeno unang'oa kokoto na kingo zinachakaa. Ukichelewa, ufa umeshatokea, na mkato wako ni mapambo. Katika hali ya kawaida nafasi inafunguka saa nne hadi 12 baada ya kumwaga. Kwa joto la pwani, nafasi hiyo ni fupi na inakuja mapema, mara nyingi usiku, wakati kibarua amekwenda kulala na mashine imefungiwa stoo. Zege halisubiri asubuhi. Barabara nyingi zenye nyufa za ovyo katikati ya slabu hazikukosa saruji. Zilikosa mtu wa kuamka saa sita usiku kuwasha msumeno.

Kwenye mikato hiyo gari zito linapita kutoka slabu moja hadi nyingine, na lazima slabu zipokezane mzigo. Hapo ndipo nondo ya kwanza inapoingia, na ni nondo ya namna ya pekee: nene, laini, isiyo na mistari, yenye urefu wa sentimita 45 hivi, imelala katikati ya unene wa zege ikiwa sambamba na mwelekeo wa barabara. Hupakwa grisi ili slabu iweze kuteleza juu yake inaposinyaa na kutanuka. Ikikaa upande, au fundi akitumia nondo ya mistari kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, kiungio, yaani mkato ule, kinafungwa. Slabu haiwezi tena kusogea pale ilipopangiwa, na itapasuka pengine. Nondo ya mistari ina mahali pake kwenye kiungio kirefu kinachotenganisha njia ya kwenda na ya kurudi, ambako kazi ni kuzifunga slabu mbili zisiachane. Ukibadilisha nafasi za nondo hizo mbili, umeiharibu barabara kwa vifaa kamili vilivyolipiwa.

Sasa tufike kwenye mkeka wa nondo, ule ambao mafundi wote wa Afrika Mashariki wanauita BRC. Hapa ndipo dhana mbaya kuliko zote imejificha.

Mtu aliyejenga nyumba anajua kwamba nondo hubeba. Kwenye boriti na kwenye slabu ya ghorofa, nondo ya chini inapokea mvuto ambao zege haliwezi kuupokea, na bila nondo hiyo jengo linaanguka. Akilini mwake anahamishia picha hiyo barabarani: ukiweka nondo, barabara inakuwa na nguvu zaidi na haipasuki. Hapana. Kwenye barabara mzigo wa lori hubebwa na unene wa zege pamoja na ardhi iliyoandaliwa chini yake. Nondo za barabara hazipo kuzuia ufa. Zipo kuushika ufa usifunguke.

Tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Ufa mwembamba kuliko nusu milimita, ulioshikwa na nondo, ni ufa ulio hai: kokoto za upande mmoja zimeingia katikati ya kokoto za upande wa pili kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana, na gurudumu linapopita mzigo unavuka bila slabu kuchezacheza. Maji hayaingii kwa wingi, wala mchanga. Ufa huohuo ukifunguka milimita mbili, kokoto zinaachiana. Kila tairi linapopita, ukingo mmoja unashuka na mwingine unabaki. Kingo zinamung'unyuka. Mvua inashuka chini, inalainisha msingi, na lori linalofuata linayakamua maji hayo yatoke kwa nguvu yakiwa na udongo ndani yake. Baada ya masika mawili pana shimo lisiloonekana chini ya zege, na barabara imebaki daraja lisilo na nguzo.

Ushahidi kwamba nondo haiongezi nguvu kwa kuwepo kwake tu ni wa zamani. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Wamarekani waliendesha malori usiku na mchana juu ya barabara za majaribio hadi nyingine zikavunjika. Ni katika majaribio hayo ilipopatikana kanuni kwamba madhara ya ekseli hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ya tani 13 mahali pa ekseli ya tani 10, ambayo ndiyo kikomo cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ekseli moja yenye matairi pacha, inaumiza barabara karibu mara tatu. Kanuni hiyo inajulikana na kila mtu wa mizani. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba barabarani hapo palikuwa na slabu zisizo na nondo, zenye viungio kila mita 4.6, na slabu zenye mkeka wa nondo, zenye viungio kila mita 12 hivi. Unene ukiwa sawa, hapakuonekana tofauti ya maana kati yake. Mkeka uliruhusu slabu kuwa ndefu zaidi. Haukuifanya iwe imara zaidi.

Na slabu hizo ndefu zilikuja na gharama yake. Majimbo kadhaa ya Marekani yalijenga slabu zenye mkeka hadi urefu wa mita 30. Slabu ya namna hiyo lazima ipasuke katikati, na mkeka mwembamba, ambao eneo la nondo zake ni kama asilimia 0.1 hadi 0.25 tu ya eneo la zege, ulikatika au ukala kutu chini ya malori. Viungio vyake, kwa kuwa ni vichache, vilifunguka sana na kuharibika. Majimbo mengi yakaiacha njia hiyo, yakachagua moja kati ya mbili: slabu fupi zisizo na mkeka kabisa, au nondo nyingi za kweli kutoka mwanzo hadi mwisho wa barabara.

Hiyo ya pili ndiyo ya Antwerp, na ina historia ndefu. Wamarekani waliijaribu mara ya kwanza mwaka 1921 kwenye barabara ya Columbia Pike, jimboni Virginia, karibu na Washington. Lakini jaribio lililofundisha ulimwengu zaidi lilijengwa mwaka 1947 karibu na Vandalia, Illinois. Pale wahandisi walimwaga vipande vyenye unene wa inchi saba na nane, yaani sentimita 18 na 20, wakaweka nondo za viwango vinne: asilimia 0.3, 0.5, 0.7 na 1.0 ya eneo la zege. Kisha wakaacha magari yapite na miaka ihesabike. Penye nondo chache nyufa zilikuwa chache, zikiachana mbali, lakini zilifunguka na kuharibika. Penye nondo nyingi nyufa zilikuwa nyingi, zimekaribiana, na nyembamba mno. Barabara yenye nyufa nyingi ndiyo iliyodumu. Matokeo hayo yanapingana na jicho la mtu wa kawaida, na mimi naamini ndiyo sababu hayajafika mitaani hadi leo.

Kuanzia hapo hesabu ikawa hivi: weka nondo asilimia 0.6 hadi 0.8, ufa utokee kila baada ya mita moja hadi mbili na nusu hivi, na usizidi nusu milimita kwa upana. Kwa slabu ya sentimita 23 maana yake ni nondo za milimita 20 zikipangwa kila sentimita 18, karibu kilo 60 za nondo kwa kila mita ya ujazo ya zege. Ni nondo nyingi. Ndiyo maana njia hii ni ya barabara kuu zenye malori maelfu kwa siku.

Wabelgiji waliijenga kwa wingi kuanzia miaka ya 1970, na wao ndio wametuachia somo zuri kuliko yote kuhusu kubana matumizi. Barabara zao za mwanzo zilikuwa na nondo asilimia 0.85, na kati ya zege la juu na zege hafifu la msingi waliweka tabaka la lami la sentimita sita. Zilikwenda vizuri sana. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 wakapunguza nondo hadi asilimia 0.67 na kuliondoa lile tabaka la lami, maana lilionekana ni gharama isiyo na kazi. Miaka ilivyopita maji yaliyopenya yakaanza kuumega msingi chini ya kingo za barabara. Pale ambapo nyufa mbili zilikaribiana mno, kipande cha zege kati yake kikabaki hewani, kikachanika kwa urefu na hatimaye kikachomoka chini ya gurudumu. Miaka ya 1990 lami ikarudishwa, nondo zikaongezwa hadi asilimia 0.75 hivi, na unene ukapanda kutoka sentimita 20 hadi 23. Kumbe lile tabaka lililoonekana halina kazi lilikuwa linazuia maji kuumega msingi, na pia lilikuwa linalikamata zege kwa usawa ili nyufa zigawanyike vizuri.

Hata hivyo hawakuridhika. Zege likiachiwa lichague lenyewe, huchagua kwa upendeleo: mahali fulani nyufa tatu zinasongamana ndani ya nusu mita, mahali pengine mita tatu au nne zinapita bila ufa. Mwaka 2012, kwenye barabara ya E313, walijaribu kufanya kitu kidogo sana. Kwenye ukingo wa zege bichi walikata kwa msumeno mikato mifupi ya sentimita 40 kila mita 1.2. Mkato huo mfupi uliuonyesha ufa pa kuanzia, na mtawanyiko ukawa mzuri kuliko awali. Njia mbili zilizoanza zikiwa zimetengana, ile ya msumeno na ile ya nondo, zilikutana pale.

Kuna mambo madogo katika ujenzi huu ambayo yananifurahisha kwa jinsi yalivyofikiriwa. Nondo za kukatisha barabara, ambazo kazi yake ni kuzishika zile ndefu, Wabelgiji hawazilazi moja kwa moja. Huzilaza kwa mshazari wa nyuzi 60, kwa sababu nondo iliyokatisha moja kwa moja hugeuka kuwa mstari wa udhaifu, na ufa ukaupenda mstari huo na kwenda nao hadi mwisho. Mchoro mzuri wa mhandisi hauwezi kufidia pembe hiyo ikikosewa kazini.

Jimbo la Texas, ambalo lina kilomita nyingi za barabara za aina hii kuliko majimbo mengine ya Marekani, limetufundisha kuhusu joto, na hapo ndipo Dar es Salaam, Mombasa na Tanga zinapaswa kusikiliza. Saruji inaposhika inatoa joto lake yenyewe. Ukimwaga zege asubuhi, joto hilo linafika kilele mchana, sambamba na kilele cha jua. Zege linagandia likiwa limetanuka kupita kiasi, na usiku linapopoa linasinyaa kwa kishindo. Zege lililomwagwa jioni au usiku linapata kilele chake wakati hewa imepoa, na nyufa zake ni chache na zimetulia zaidi. Texas pia iligundua kwamba kokoto zenyewe zina kauli. Changarawe za mtoni zenye asili ya silika hutanuka kwa joto kuliko kokoto za chokaa, na barabara zilizojengwa kwa changarawe hizo zilipata nyufa zaidi na kumeguka zaidi kingoni. Machimbo ya kokoto ni sehemu ya usanifu wa barabara, si suala la nani yuko karibu na ana bei nafuu tu.

Pwani yetu ina adui mwingine: upepo. Miezi ya kaskazi jua ni kali na upepo haukomi. Maji ya juu ya zege bichi yanakauka haraka kuliko yanavyopanda kutoka chini, na ndani ya saa chache uso wa zege unatoa nyufa fupi za mshazari, hata kabla halijaweza kubeba mguu wa mtu. Nyufa hizo hazihusiani na malori wala nondo. Dawa yake ni kuwahi: kupulizia dawa ya kufunga uso mara tu maji ya juu yanapotoweka, au kufunika kwa nailoni, na kisha magunia yaliyoloweshwa, na yabaki mabichi kwa siku saba kamili. Kumwagia ndoo mbili asubuhi na ndoo mbili jioni, katikati zege likiwa kavu jeupe, si kumwagilia zege. Na kinyume chake, kuongeza maji kwenye mchanganyiko ili uteleze na kusambaa kwa urahisi ni kuununua ufa kwa bei kamili, maana kila lita ya ziada inapotoka baadaye inaacha zege limesinyaa zaidi na limedhoofika.

Sasa turudi mtaani. Barabara ya mtaa yenye upana wa mita nne, inayopitwa na bajaji, magari madogo na lori la mchanga mara mojamoja, haihitaji nondo za Antwerp. Lakini nimeona michoro mingi inayoiwekea BRC, na nimeona jinsi inavyowekwa. Mkeka unatandazwa chini juu ya kifusi. Zege linamwagwa juu yake. Kijana mwenye reki au ndoano anaambiwa auvute juu kidogo wakati zege likiwa bichi. Anauvuta, watu wanaukanyaga, unarudi chini. Zege likikauka, mkeka uko sakafuni, umegusa udongo, na umeanza kula kutu. Ufa utafunguka juu, mahali ambapo hakuna nondo hata moja. Mwananchi amelipia chuma ambacho hakimfanyii kazi yoyote.

Nondo ya barabara inatakiwa ikae katikati ya unene au juu kidogo ya katikati, imesimamishwa kwa viti vya nondo au biskuti za zege zinazoweza kubeba uzito wa mafundi wanaotembea juu yake, na zege la kutosha libaki juu yake kuilinda. Karibu na bahari ulinzi huo ni wa lazima mara mbili, maana chumvi ikifika kwenye nondo huleta kutu inayotanuka na kulipasua zege kutoka ndani. Kama mradi hauna uwezo wa kuhakikisha hayo, basi hukumu yangu ni hii: ondoeni mkeka, ongezeni unene wa zege kwa fedha hizo, na mkate viungio kwa wakati. Slabu fupi ya zege tupu iliyokatwa vizuri juu ya msingi ulioshindiliwa ni barabara bora kuliko slabu ndefu yenye mkeka uliozama.

Angalieni pia chemba. Kila kona ya kifuniko cha chemba ya maji taka iliyozungukwa na zege ni chanzo cha ufa, kwa sababu mvuto hujikusanya kwenye kona. Panga mkato upite kwenye chemba hiyo, au itenganishe na slabu kwa ubao laini. Wakati wa usanifu ni kazi ya dakika tano.

Ufa ukishatokea, upimeni kabla ya kuuhukumu. Kuna kadi ndogo ya plastiki yenye mistari ya upana mbalimbali, bei yake si kitu, na kila msimamizi anapaswa kuwa nayo mfukoni. Ufa wa unywele ulioshikwa na nondo huachwa. Ufa mpana kidogo husafishwa na kujazwa dawa ya kuziba ili maji yasipite. Ufa unaokwenda kwa urefu wa barabara unaweza kushonwa kwa kutoboa matundu ya mshazari kutoka pande zote mbili na kuingiza nondo za mistari zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi. Slabu inayochezacheza ukipita na lori, au inayotoa maji ya tope ukingoni baada ya mvua, hiyo imeshapoteza msingi na inahitaji kukatwa na kujengwa upya eneo lile. Kuipaka juu ni kupoteza fedha.

Kwa wenzangu wanaoandaa zabuni kwenye halmashauri nina ombi moja, nalo halihitaji teknolojia ya kigeni. Katika mikataba mingi, kumwagilia zege kwa siku saba na kukata viungio kwa wakati vimefichwa ndani ya bei ya mita ya ujazo ya zege. Mkandarasi akivifanya halipwi zaidi, na asipovifanya hakatwi chochote. Vitengeni. Viwe vipengele vinavyojitegemea kwenye orodha ya gharama, vyenye bei yake, vinavyolipwa baada ya msimamizi kusaini saa ambayo kila mkato ulifanyika na siku ambazo zege lilikuwa bichi. Wekeni na kipengele cha kupima kimo cha nondo kabla ya zege kumwagwa. Na ninyi mnaoishi mtaani barabara inapojengwa, siku ya kumwaga zege msihesabu mifuko ya saruji peke yake. Nendeni mkaangalie nondo zimekaa wapi, na usiku ule mkaulize msumeno uko wapi.